Mti wa Chunguni

1. Mti ulioachwa

Sinza ni mtaa mkubwa wa Dar es Salaam, usio mbali na Chuo Kikuu. Viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, Serikali ilipofanya mpango, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kuwapa watu wa mjini viwanja vyenye barabara na maji ili kila mtu ajijengee nyumba yake. Viwanja hivyo si vikubwa. Tangu siku zile watu wameongeza vyumba, maduka na kuta, hata katika nyua nyingi imebaki nafasi ya kuanika nguo tu. Basi mwenye kupenda miti hana budi kuipanda katika vyungu, ndoo na makopo. Kando ya barabara za mji huu wako watu wengi wauzao miche ya namna hiyo, wameipanga safu kwa safu chini ya vivuli.

Katika ua mmoja wa mtaa huo palikuwa na mti wa chunguni. Mwenye nyumba, mwalimu aliyestaafu, aliununua ungali mche wa shubiri moja, akaupanda katika chungu kipana cha udongo. Muda wa miaka kumi na miwili aliutunza, na kimo chake hakikuzidi dhiraa moja na nusu. Shina lake likawa nene, matawi yake yakatanda kama mwavuli, na mizizi yake ikashika udongo kama vidole vya mkono. Mtu akiutazama kwa mbali alidhani aona mti mkubwa wa porini, ila umefanywa mdogo kama kwa miujiza.

Kisha mwalimu akafariki. Mjane wake akasema kwamba mti ule usiguswe na chuma, maana ulikuwa kumbukumbu ya mumewe. Akaunywesha maji kila jioni, wala hakukubali ukatwe hata jani.

Miaka minne ikapita. Mti ukakipita kimo cha ukuta. Matawi ya juu yakawa marefu na yenye nguvu, na matawi ya chini, yaliyopendwa sana na marehemu, yakakosa jua, yakaanza kukauka moja baada ya jingine. Mizizi ikapita katika matundu ya chungu, ikaingia ardhini, ikaelekea penye unyevu, yaani chini ya msingi wa ukuta. Siku moja jirani akaona ufa ukutani, akaja kulalamika, kwanza kwa upole, kisha kwa ukali.

Mwana wa marehemu akasema, "Mama, afadhali tuung'oe na kuuchoma kabla ukuta haujaanguka." Mama akajibu, "Mwanangu, mti wa baba yako haukatwi." Wakakaa hivyo siku nyingi, na ufa ukazidi kupanuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwishowe wakamwita mzee mmoja aliyefanya kazi ya bustani tangu ujana wake. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akamwonyesha mti. Yule mzee akauzunguka mara tatu, akatazama chini ya majani, akakwaruza gome kwa ukucha, kisha akamwambia mjane, "Mama, mumeo alikuwa akiukata mti huu mara nyingi kila mwaka. Makovu yake haya hapa, yamepona vizuri. Uzuri ule uliouona ulikuwa kazi ya mkasi wake. Ukiuacha bila kukatwa, unalinda mti mwingine, wala si ule alioutunza yeye."

Mama akanyamaza kitambo, kisha akaingia ndani, akatoka na mkasi wa mumewe, umeshika kutu, akautia mkononi mwa mzee.

2. Jamaa za mkuyu

Mti ule ni wa jamaa ya mkuyu. Wataalamu wa mimea huuita Ficus benjamina, na asili yake ni nchi za Bara Hindi na Asia ya kusini mashariki mpaka kaskazini ya Australia. Ukipandwa ardhini penye nafasi, huweza kufika kimo cha mita 20 na zaidi. Jamaa yake ni kubwa mno, maana aina za miti ya jamaa hiyo duniani zapita 700. Mkuyu wa mabonde yetu ni ndugu yake. Mkuyu ndio mti alioupanda Zakayo huko Yeriko, apate kuona mbele kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo. Mtini uzaao tini za kuliwa ni ndugu yake pia.

Miti ya jamaa hii yote ina utomvu mweupe kama maziwa. Tena tunda lake si tunda kama embe au chungwa. Ni kama mfuko uliofungwa, na maua yake madogo sana yamo ndani ya mfuko huo. Nyigu wadogo kuliko chembe ya mchele huingia kwa tundu jembamba na kuyachavusha. Ndege na popo hula matunda yaliyoiva, na mbegu hutoka pamoja na mavi yao, zikaangukia popote. Ndiyo sababu mche wa mkuyu huweza kuonekana umeota katika ufa wa ukuta, au juu kabisa katika panda ya mti mwingine, mahali ambapo hapana mtu aliyeupanda.

Basi tabia ya miti hii ni kuishi kwa kushindana. Mche ulioota juu ya mti mwingine huteremsha mizizi mpaka chini, ukauzunguka mti uliouchukua, ukaubana hata kuufisha. Hupata maji mahali padogo, husukuma mawe, hupasua saruji. Mtu asiyejua tabia hiyo atashangaa kuona chungu kimepasuka na ukuta umeingia ufa, lakini mti haukufanya ila ilivyo desturi yake.

Lakini nguvu hiyo hiyo yaweza kuwa faida. Katika Buganda uko mti wa jamaa hii uitwao mutuba, ambao kwa jina la wataalamu ni Ficus natalensis. Tangu zamani za kale, kabla watu wa huko hawajaanza kufuma nguo za pamba, mafundi waliubandua mti huo gome lake la ndani wakati wa mvua, wakaligonga kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo laini yenye rangi ya udongo mwekundu. Nguo hiyo huvaliwa hata leo katika sherehe na maziko. Mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu. Na fundi akiisha kulibandua gome, hauachi mti uchi. Huvika shina majani ya mgomba, lisichomwe na jua wala kukaushwa na upepo, na chini ya majani hayo gome jipya hukua. Kwa hiyo mti mmoja huweza kutoa nguo tena na tena kwa miaka mingi. Mti hupata jeraha, lakini yule aliyeutia jeraha ndiye auuguzaye.

3. Sanaa ya miti midogo

Kuupanda mti katika chombo kidogo na kuuunda ufanane na mti mkubwa wa kale ni sanaa iliyoanza katika Uchina zamani sana. Watu wa Japani wakajifunza kwao, wakaiendeleza kwa njia yao wenyewe. Jina lake la Kijapani, bonsai, maana yake ni kilichopandwa katika sinia, nalo limekwisha kuenea duniani kote. Wajapani hutumia sana misonobari na miti mingine ya nchi za baridi. Katika nchi za joto, miti ya jamaa ya mkuyu ndiyo ifaayo kwa mwenye kuanza, kwa sababu hukua upesi na kuvumilia makosa mengi.

Watu wengi hudhani kwamba mti wa bonsai huwa mdogo kwa kunyimwa chakula na maji. Hilo si kweli hata kidogo. Mti wenye njaa huwa mgonjwa, majani hupukutika, wadudu huushambulia, na mwisho hufa. Mti wa bonsai hulishwa vizuri, hunyweshwa maji, huwekwa penye jua. Udogo wake watoka katika mambo mawili: matawi hukatwa yakiisha kukua, na mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache. Hivyo mti huwa mzee kwa umri, lakini viungo vyake ni vipya siku zote.

Tena hapana sheria kwamba kila mti ufanane na msonobari wa Japani. Katika Afrika ya Kusini watunzaji wa bonsai wameiga umbo la mgunga wa mbugani, wenye kichwa bapa kama meza, wakaliita umbo hilo kwa jina la Pierneef, mchoraji wa nchi hiyo aliyezaliwa mwaka 1886 na kufa mwaka 1957, ambaye alipenda kuichora miti hiyo. Wengine wameiga mbuyu. Mtoto wa Tanzania aliyewahi kuona mbuyu na mgunga ana kielelezo kizuri mbele ya macho yake, wala hana haja ya kukitafuta mbali.

4. Kwa nini mti ukikatwa huchipua

Kabla ya kukata yafaa kujua sababu. Katika ncha ya kila tawi mna tumba likuzalo tawi mbele. Chini yake, penye kikonyo cha kila jani, mna tumba jingine dogo, lakini hilo limelala. Ncha ikiwapo, matumba mengi ya chini hulala. Ncha ikikatwa, huamka.

Wataalamu walichunguza jambo hili muda mrefu. Mwaka 1880 Charles Darwin, Mwingereza, pamoja na mwanawe Francis, walieleza kwamba ncha ya mche mdogo wa nafaka ndiyo ihisiyo mwanga, na kwamba habari fulani hutoka nchani ikashuka chini na kuupinda mche. Mwaka 1926 Frits Went wa Uholanzi alizikata ncha za miche ya oti, akaziweka juu ya vipande vya utelezi ulioganda, kisha akachukua vipande hivyo peke yake na kuviweka juu ya miche iliyokatwa ncha. Miche ikakua tena, ingawa haina ncha. Ndipo ikajulikana kwamba ncha hutoa kitu cha hakika, nacho kikaitwa auksini. Katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha kwamba kitu hicho hicho kikishuka katika shina hulaza matumba ya kando.

Basi mambo ya mti wa Sinza yanaeleweka. Kwa miaka minne ncha za juu zilitawala. Matawi ya juu yakala jua lote, na ya chini yakalala katika giza. Mtu akitaka kuurudisha mti katika umbo lake, hana budi kuziondoa ncha zinazotawala, ili nguvu irudi chini na nuru iingie ndani.

Lakini hapa pana onyo. Si kila mti wa jamaa hii huchipua penye tawi tupu. Ficus benjamina, tawi lake likikatwa mpaka hapana jani hata moja lililobaki, mara nyingi tawi lile hukauka lote. Kwa hiyo katika kila tawi litakiwalo kuishi yapasa kuacha majani machache yenye afya, na kukata mbele yake. Majani hayo ndiyo yavutayo maji kutoka mizizini na kulilisha tawi mpaka machipukizi mapya yatokee.

5. Kazi ya siku ya kwanza

Mzee hakukata siku ile ile. Alisema mvua za vuli zikikaribia ndipo kazi itafanyika, maana mti hupona upesi wakati wa joto na unyevu kuliko wakati wa kipupwe. Siku ilipofika, mwanzo wa Oktoba, alisugua kutu ya mkasi kwa mchanga na mafuta, akaunoa, kisha akaupangusa kwa spiriti, kwa sababu mkasi mchafu hupeleka ugonjwa toka mti mmoja hata mwingine. Akaweka tayari na msumeno mdogo, kitambaa, na ndoo ya maji ya kunawia. Utomvu wa miti hii huwasha ngozi ya watu wengine, tena ni hatari ukiingia machoni. Mtu akatapo asijipanguse uso kwa mkono, na akiisha kazi anawe kwa sabuni.

Kwanza mzee alitafuta uso wa mti, yaani upande ulio mzuri kuliko pande zote, ambako mizizi ya juu huonekana wazi na shina halimwelekei mtazamaji kama mtu anayetaka kumwangukia. Akafunga uzi mwekundu katika kila tawi litakalobaki. Akamwambia kijana, "Tazama kwanza yatakayobaki. Anayetazama yatakayokatwa tu, hukata mengi."

Kisha akaondoa matawi yaliyokufa, maana katika hayo hapana shaka. Akafuata matawi yaliyovukana na kusuguana, yaliyoota chini kuelekea udongo, na yaliyosimama wima juu ya matawi mengine. Mahali matawi matatu au manne yalipoota pamoja kwenye shina, aliacha moja, kwa sababu yakiachwa yote shina huvimba pale kama nundu na kuharibika. Tawi la kwanza alilichagua karibu na theluthi ya kimo cha mti, la pili juu yake upande wa pili, la tatu kwa nyuma. Matawi ya chini huachwa marefu na ya juu mafupi, ndivyo nuru ifikavyo kwa yote.

Tawi nene la juu lilikatwa kwa msumeno mara tatu. Kwanza mzee alikata kidogo kwa chini, mbali kidogo na shina. Kisha akakata kwa juu, mbele ya mahali pale, hata tawi likaanguka. Mwisho akakata kisiki kilichosalia, akakiondoa vizuri. Kama angalikata mara moja tu kwa juu, uzito wa tawi ungalichana gome la shina mpaka chini, na jeraha la namna hiyo haliponi upesi. Utomvu ukatiririka. Mama akageuka asione. Mzee akaugandamiza kwa kitambaa chenye maji, na baada ya dakika chache ukaganda, ukaufunika mdomo wa jeraha.

Alipokwenda kunawa, kijana akatwaa mkasi. Aliona tawi moja la chini upande wa kushoto lina majani machache kwenye ncha tu, akadhani litapendeza likiwa fupi kama wenzake. Akalikata karibu na shina, hapana jani lililobaki. Mzee aliporudi akaliona. Hakumkemea. Akasema, "Hili tutalingojea."

6. Mizizi

Ule mzizi ulioingia ardhini ulikatwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukuta haungeweza kungoja. Hili lisingalifaa kama majani yote yangalikuwapo, kwa maana majani hutoa maji hewani mchana kutwa, na mizizi ikipunguzwa ghafula mti hunyauka. Lakini kwa kuwa matawi mengi yalikwisha kuondolewa, haja ya maji ilipungua pia. Mizizi na majani ni kama matumizi na mapato ya nyumba; mtu akipunguza upande mmoja sharti aangalie na upande wa pili.

Mti ukawekwa kivulini, mbali na upepo, kwa majuma manne, ukanyweshwa maji kila udongo wa juu ulipoanza kukauka. Haukutiwa samadi, maana mti uliokatwa mizizi hauwezi kutumia chakula kingi. Vipande vya mzizi vilivyobaki ardhini vilichimbuliwa, na ufa wa ukuta ukazibwa kwa saruji.

Kazi kubwa ya mizizi iliachwa mpaka mwezi wa Machi, mwanzo wa masika, mti ulipokwisha kujaa machipukizi. Hapo mzee aliutoa katika chungu. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani kama kamba iliyokunjwa, hata udongo ulikuwa umebaki kidogo tu. Aliichambua kwa kijiti toka kando kuelekea nje, akakata ile minene iliyozunguka, karibu theluthi ya mizizi yote, na kuacha mingi iliyo myembamba. Mizizi minene kazi yake ni kushika mti usianguke. Ile myembamba ndiyo inywayo. Chunguni hapana dhoruba kubwa, kwa hiyo mti hauhitaji nanga kama wa porini.

Udongo mpya ulikuwa mchanganyiko wa mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, tofali lililopondwa na kuchekechwa, na mboji iliyooza kabisa. Udongo mtupu wa shamba haufai katika chombo kidogo. Hugandamana, maji hutuama, na mizizi huoza kwa kukosa hewa. Matundu ya chungu yalifunikwa kwa wavu, na safari hii chungu kikawekwa juu ya matofali mawili, ili mizizi isipate tena njia ya kuingia ardhini.

7. Kuunda

Kukata kwaondoa yasiyotakiwa, lakini hakulipindi tawi. Tawi lililosimama wima hufanana na tawi la mti mchanga, maana matawi ya miti mizee huinama kwa uzito wake. Basi mtunzaji hulilaza.

Njia ya kwanza ni waya laini wa shaba au alumini. Huzungushwa juu ya tawi kwa mshazari, usiwe wa kubana wala wa kulegea, kisha tawi hupindwa polepole kwa vidole gumba viwili. Miti ya jamaa ya mkuyu hunenepa upesi, basi waya huangaliwa kila juma. Ukianza kuzama katika gome hukatwa vipande vipande, wala hauzungushwi nyuma, tawi lisije likavunjika. Alama ya waya katika gome huweza kukaa miaka mingi.

Njia ya pili ni rahisi zaidi, nayo ndiyo iliyotumika Sinza. Kamba ya katani hufungwa kwenye tawi, juu ya kipande cha kitambaa kisichochubua gome, na ncha ya pili hufungwa kwenye ukingo wa chungu au kuning'inizwa jiwe dogo. Kila baada ya siku chache kamba huvutwa kidogo. Matawi mapya hutii upesi. Matawi makavu ya zamani huvunjika. Samaki mkunje angali mbichi.

Baada ya hapo kazi ni ndogo lakini haina mwisho. Kila chipukizi huachwa likue mpaka lipate majani sita au manane, ili lijenge nguvu, kisha hukatwa yabaki mawili au matatu. Kutoka penye majani hayo huota vitawi viwili, na kila kimoja hukatwa vivyo hivyo. Hivyo tawi moja huwa mawili, mawili huwa manne, na majani huwa mengi. Mtunzaji mwenye macho hutazama jani la mwisho analoliacha linaelekea wapi, kwa maana tumba lake litaota upande huo huo. Akitaka tawi liende kulia, hukata mbele ya jani la kulia.

Kuhusu lile tawi alilolikata kijana, walilingojea miezi miwili. Matawi mengine yote yalichipua mvua za vuli zilipoanza. Lile moja likageuka rangi ya majivu, na gome likakunjamana. Mzee alipolikwaruza kwa ukucha hakuona rangi ya kijani chini yake, ambayo ndiyo alama ya uhai. Akampa kijana mkasi, akamwambia aliondoe mwenyewe. Upande wa kushoto wa mti ukabaki na pengo, nalo lingali linaonekana. Tangu siku hiyo kijana hakukata tawi bila kuhesabu majani.

8. Mti na warithi wake

Katika mji wa Washington, Marekani, uko msonobari mmoja wa chunguni ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Ulikuwa wa jamaa ya Yamaki, watunzaji wa bonsai wa Hiroshima katika Japani. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lilipoanguka juu ya mji ule, mti huo ulikuwa katika bustani yao, umbali wa kilomita 3 hivi tu. Ukuta wa bustani uliukinga, nao ukapona. Mwaka 1976 mzee Masaru Yamaki aliutoa kuwa zawadi kwa watu wa Marekani, lakini habari ya bomu haikuwa ikijulikana na walioutunza. Mwaka 2001 wajukuu wake walikuja kuutazama, ndipo wakaieleza.

Mti huo umeishi chunguni miaka zaidi ya 390, na hapana mwanadamu aishiye miaka hiyo. Maana yake ni kwamba mkono mmoja ulipochoka, mkono mwingine uliushika mkasi. Kama mmoja wao angalisema, "Huu ni mti wa baba, usiguswe," ungalikwisha kuharibika au kufa zamani.

Katika ua ule wa Sinza mti umerudi kimo chake cha kwanza, au zaidi kidogo. Ukuta umesimama, na jirani aliomba kijiti kimoja kati ya vilivyokatwa, akakichomeka katika kopo la mchanga wenye unyevu, nacho kikaota mizizi. Mkasi hautundikwi tena na kushika kutu. Kijana huukata mti, na mama yake hukaa karibu juu ya kigoda, akamwonyesha kwa kidole yalipo makovu ya zamani, na kumweleza mumewe alikata nini mwaka gani, na kwa sababu gani.

Maswali

1. Kwa nini matawi ya chini ya mti yalianza kukauka ulipoachwa bila kukatwa?
2. Fundi wa Buganda hufanya nini akiisha kulibandua gome la mutuba, na kwa sababu gani?
3. Eleza jinsi Frits Went alivyoonyesha kwamba ncha ya mche hutoa kitu kinachokuza mche.
4. Kijana alikosea nini alipotwaa mkasi? Mti ulionyeshaje kosa lake?
5. Mzee alimwambia mjane kwamba analinda mti mwingine. Alikuwa na maana gani?